Uzi: Bentley 8 Litre, chasisi 100, bodi za mafundi wa nje, na ugomvi usiokwisha

FundiGerezani

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki iliyopita kwenye uzi wa nauli za mabasi kuna mjumbe alisema kuunda bodi ya basi juu ya chasisi ya lori ni ubabaishaji wetu sisi, eti kwa Wazungu gari linatoka kiwandani limekamilika mpaka kapeti. Nilitaka kumjibu palepale, nikaona nitaharibu uzi wa watu. Leo nimekuja na wangu.

Kugonga bati nimejifunza Gerezani, mtaa wa Dar, kwa mzee ambaye akikuona umeshika nyundo vibaya anakunyang'anya na kukutuma chai. Sasa ni mwaka wa tisa nipo Uingereza, kwenye karakana ndogo ya magari ya kale, tuko watu sita. Kazi yangu ni ile ile: madigadi, boneti, milango. Tofauti ni kwamba hapa bati ni la aluminiamu na mteja hana haraka.

Gari ninalowaletea ni Bentley 8 Litre. Lilioneshwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya magari ya Olympia, London, Oktoba 1930. Injini ya silinda sita, ujazo wa sentimita za ujazo 7,983, nguvu farasi 200 na ushee. Rolls-Royce wakati huo walikuwa na Phantom II yenye lita 7.7, na huyu Walter Owen Bentley, wenyewe wanamwita W.O., alitaka kuwapita palepale kwenye uwanja wao. Yaliundwa 100 tu.

Sasa sikilizeni. Katika hayo 100, hakuna hata moja lililotoka kiwanda cha Cricklewood likiwa na bodi. Hata moja. Bentley walikuwa wanauza chasisi: fremu, injini, giaboksi, magurudumu, rejeta, usukani. Chasisi tupu ilikuwa pauni 1,850, wakati Austin Seven, kigari cha mtu wa kawaida, kizima na milango yake, hakikufika pauni 150. Ukishalipa hiyo 1,850 ndipo unakwenda kwa fundi bodi unayemtaka, mnachora, mnabishana, unalipa tena.

Mmewahi kumwona dereva anayetoa chasisi ya basi bandarini, ile isiyo na kichwa, kavaa helmeti na miwani, vumbi lote la barabara ya Morogoro ni lake peke yake? Basi na wao walikuwa hivyo hivyo. Chasisi ya gari la tajiri inapita mitaa ya London ikiwa mifupa mitupu, dereva kakalia kiti cha kubandika, inapelekwa kuvalishwa.

Naendelea, msiandike kwanza.

KijanaWaPwani

Nimeweka mkeka wangu hapa mbele. Endelea fundi.

Mjukuu wa Chifu

Mkuu hiyo si ni Rolls-Royce tu kwa jina lingine? Bentley na Rolls-Royce ni kitu kimoja.

FundiGerezani

Nilisema msiandike. Haya. Hapana mkuu, mwaka 1930 walikuwa mahasimu kabisa. Bentley ilianzishwa 1919, na sifa yake ni mbio: zile za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, ilishinda 1924, kisha 1927, 1928, 1929 na 1930 mfululizo. Rolls-Royce waliinunua baada ya kufilisika, nitafika huko. Leo Bentley iko chini ya Volkswagen na Rolls-Royce wako chini ya BMW, kwa hiyo hata sasa si kitu kimoja.

Turudi kwenye injini kidogo, maana kuna kitu kizuri pale. Kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, iko juu ya silinda. Kwenye Bentley ndogo za mwanzo iliendeshwa kwa shafti ya wima yenye meno, na meno yanalia. Kwenye injini zake za silinda sita W.O. akafanya kitu kingine: fito tatu zinazopanda na kushuka nyuma ya injini zikizungusha kamshafti, mfano wa zile fito za magurudumu ya treni ya mvuke. Na hakuokota barabarani. Ujana wake alijifunza ufundi kwenye reli, Great Northern, karakana ya Doncaster. Valvu nne kila silinda, plagi mbili kila silinda. Silinda hedi na bloku ni kitu kimoja, haifunguki. Ukitaka kusaga valvu unanyanyua bloku zima. Fundi injini wetu siku ya kazi hiyo haongei na mtu.

Kwa nini injini kubwa hivyo? Kwa sababu ya bodi. Hapa ndipo mafundi bodi tunapoingia kwenye historia. Gari la kwanza la Bentley, la lita 3, lilikusudiwa bodi nyepesi ya wazi. Wateja wakaanza kulivalisha saluni nzito, yaani bodi iliyofungwa yenye paa gumu, na viti vya sofa, na kabati za vinywaji. Na Bentley walikuwa wanatoa dhamana ya miaka 5 kwa chasisi! Fikiria umetoa dhamana ya chasisi halafu mtu anaipakia nyumba. Ndipo akaunda ya lita 6½, na inasimuliwa kwamba gari la majaribio la injini hiyo, wakati bado ni ndogo, lilikutana barabarani Ufaransa na gari la majaribio la Rolls-Royce. Yote mawili ya siri, yote yamefichwa umbo. Wakaanza kufukuzana, hakuna aliyemwacha mwenzake, mpaka kofia ya mtu mmoja wa Rolls-Royce ikapeperuka wakalazimika kusimama. W.O. akarudi nyumbani akaongeza ukubwa wa injini. Baadaye hata lita 6½ zikaonekana hazitoshi kwa saluni za wakubwa, likaja la lita 8. Ahadi yake ilikuwa maili 100 kwa saa, karibu kilomita 160, hata ukiwa umelivalisha saluni, na humo ndani mnaongea kwa sauti ya kawaida.

MamaChasisi

Fundi shikamoo kwa kazi hiyo. Mimi nina mabasi mawili ya mkoani, kwa hiyo habari za chasisi usinifundishe, nafundisha mimi. Swali langu ni bodi. Mbao au chuma?

FundiGerezani

Marahaba mama, ingawa nadhani mimi ndiye wa kukuamkia.

Mbao. Chini ya lile bati linalong'aa kuna kiunzi cha mbao ya mti wa ash. Ni mti wao huku, wanautumia hata kwa mipini ya nyundo na shoka, kwa sababu unapinda bila kukatika. Seremala ndiye anaanza. Anaunda nguzo za milango, upinde wa paa, sakafu. Mimi wa bati nakuja baadaye. Aluminiamu unaipiga juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga mpaka itoe tumbo, imejaa mabonde kama uso wa mwezi, kisha unaipitisha kwenye mashine yenye magurudumu mawili ya chuma, moja juu moja chini, unaisukuma na kuivuta, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka mabonde yote yanakwisha. Digadi moja la mbele la gari hili lilinichukua karibu wiki tatu. Unalijaribisha, unalitoa, unalirudisha kwenye magurudumu, unalijaribisha. Macho hayatoshi, unafumba macho na kupitisha kiganja. Kiganja kinajua. Hilo nililijua Gerezani kabla sijapanda ndege.

Kuna aina nyingine ambayo sikuijua mpaka nilipofika huku: bodi ya Weymann. Charles Weymann alizaliwa Port-au-Prince, Haiti, akawa rubani, mwaka 1911 akashinda mbio za ndege za Gordon Bennett. Huyu aliangalia kelele za bodi za mbao akaona chanzo chake: ubao unasuguana na ubao. Chasisi inapopindapinda barabarani, maungio yanalia kama kitanda cha gesti. Yeye akaweka vipande vyembamba vya chuma kwenye kila ungio ili ubao usigusane na ubao, halafu juu hakuweka bati, akavalisha kitambaa kizito kama ngozi chenye pamba chini. Bodi inapinda pamoja na chasisi, haipigi kelele, na ni nyepesi. W.O. alizipenda, kwa sababu zilizo wazi. Ubaya wake: kitambaa kinaoza, hakisuguliki kikang'aa, na matajiri wanapenda kung'aa.

KijanaWaPwani

Kitanda cha gesti 😂😂 fundi umewahi kulala wapi wewe?

Mjukuu wa Chifu

Tutajie hao mafundi wa bodi basi. Walikuwa wangapi?

FundiGerezani

London peke yake walikuwa wengi. H.J. Mulliner, wa Chiswick, ndio walisifika kwa Weymann na kwa saluni zilizotulia, zisizojionesha. Vanden Plas wa Kingsbury walijulikana kwa bodi za wazi, zile ndefu zenye digadi zinazotiririka, kamba za ngozi kwenye boneti. Ukiona picha ya Bentley ya zamani kwenye kalenda, nusu ya picha hizo ni umbo lao. Gurney Nutting wa Chelsea walifanya kupe (coupé, gari la milango miwili) za vijana wenye hela. Thrupp & Maberly, Freestone & Webb, Park Ward, Barker, Hooper. Hao wawili wa mwisho walikuwa na wateja mpaka ikulu ya mfalme.

Chasisi ya 8 Litre ilikuja kwa urefu wa aina mbili, futi 12 au futi 13 kutoka ekseli hadi ekseli. Mita nne kasoro kidogo kwa ile ndefu! Kwa hiyo fundi anapewa boneti ndefu kama mtumbwi, halafu aamue nyuma yake aweke nini. Mmoja anaweka limuzini yenye kioo cha kumtenga dereva na bosi. Mwingine paa la kukunja. Mwingine anamwacha dereva anyeshewe mvua mbele na bosi akae kavu nyuma. Hiyo wanaiita sedanca, na mimi kila nikiiona namwonea huruma yule dereva. Ndiyo maana ukiweka 8 Litre mbili pamoja, usipoangalia rejeta utadhani ni magari ya kampuni mbili.

Kwa ladha yangu, na hapa mnaweza kunipiga mawe, saluni ya H.J. Mulliner ndiyo nzuri kuliko zote. Haina mbwembwe. Paa limeshuka taratibu, dirisha la nyuma dogo, mistari inafuatana. Ile ya wazi ya Vanden Plas ni nzuri pia, lakini imepigwa picha mno mpaka imenichosha.

Dereva Mstaafu

Mwendo mkuu, mwendo. Hizo maili 100 ni kweli au maneno ya muuzaji?

FundiGerezani

Kweli mzee. Na ikiwa nyepesi ni zaidi. Kuna Mwingereza aliitwa Forrest Lycett, alikuwa na 8 Litre yenye bodi nyepesi ya wazi na injini iliyoongezewa nguvu. Mwaka 1959, yeye mwenyewe ameshapita miaka 70, alikwenda nayo barabara kuu ya Jabbeke, Ubelgiji, akapimwa maili zaidi ya 140 kwa saa. Yaani zaidi ya kilomita 225, na breki za ngoma. Mimi nimelikanyaga la mteja mara moja tu, kutoka karakana mpaka kituo cha mafuta. Kilichonishangaza ni kwamba huhitaji kubadili gia. Ukishaingiza ya nne, liko tayari kutambaa kama bajaji sokoni kisha ukikanyaga linaondoka bila kugutuka.

Na kufilisika nimalizie haraka, maana si sehemu ninayoipenda. Hisa za New York zilianguka Oktoba 1929. Moja ya magari ya ghali kuliko yote Uingereza likatoka mwaka mmoja baadaye, wakati wanunuzi wenyewe wanauza vito vya wake zao. Mfadhili mkuu, Woolf Barnato, ambaye utajiri wa baba yake ulitoka kwenye almasi za Kimberley, na ambaye mwenyewe alishinda Le Mans mara tatu, akasema sasa basi. Julai 1931 kampuni ikawekwa mikononi mwa mfilisi. Kampuni ya Napier ilikuwa imeshakubaliana kuinunua, W.O. ameshaanza kufikiria gari jipya la kwao. Siku ya mahakamani akatokea mnunuzi asiyejulikana, British Central Equitable Trust, akapanda bei. Pauni 125,000 na kidogo. Baadaye ikajulikana nyuma ya pazia ni Rolls-Royce. Hata W.O. hakujua siku ile.

Na 8 Litre aliyokuwa akiendesha yeye, saluni ya H.J. Mulliner ile ile ninayoisifu, ilihesabiwa mali ya kampuni. Ikachukuliwa. Mtu kaunda gari, jina lake liko kwenye rejeta, anarudi nyumbani kwa miguu. Bentley ya leo waliitafuta wakainunua mwaka 2006.

MamaChasisi

Hiyo ya kunyang'anywa gari imeniuma. Lakini umesema ugomvi kwenye kichwa cha uzi. Ugomvi uko wapi?

FundiGerezani

Nilikuwa naukwepa.

Baada ya Vita vya Pili haya magari yalikuwa mzigo. Yanakunywa mafuta, hayaingii kwenye gereji, mbao zimeanza kuoza chini kwenye milango. Watu wakayapata kwa bei ya kutupa. Wengi wakavua zile saluni na limuzini, wakaweka bodi ya wazi ya mtindo wa Vanden Plas, kwa sababu ni nyepesi na inapendeza. Mwanzoni ilikuwa umaskini. Leo ni biashara: bodi ya wazi huuzwa kirahisi kuliko limuzini la futi 13. Ndiyo maana ukienda kwenye mikutano ya Bentley Drivers Club, chama cha tangu 1936, utaona 8 Litre za wazi ni nyingi kuliko zilivyozaliwa. Wajuzi wanazijua zote kwa namba. Huyu alizaliwa limuzini, yule alizaliwa kupe.

Na mwaka huu ikaingia moja kwetu. Saluni yake ya kwanza, haijawahi kuvuliwa. Imechoka, paa linavuja, panya walishazaa kwenye kiti cha nyuma, lakini yote ipo. Mwenyewe anataka ya wazi. Bosi kasema sawa.

Nikapewa mimi kuivua.

Mjukuu wa Chifu

Mali ni yake. Kalipa. Afanye anavyotaka.

MamaChasisi

Ngoja niseme kitu fundi, usinichukie. Basi langu moja limebadilishwa bodi mara mbili. Ya kwanza ilikula kutu, ya pili lilipinduka (nashukuru Mungu hakufa mtu). Kadi inasoma namba ile ile ya chasisi, bima ile ile, jina la ubavuni lile lile. Abiria wanapanda wanasema "mama kaleta basi jipya". Mimi najua si jipya. Gari ni chasisi. Bodi ni nguo. Huwezi kumlilia mtu kwa kubadili nguo.

KijanaWaPwani

Mama naomba nipite katikati yenu. Kwetu Lamu jahazi likioza ubao, fundi anautoa ule ulooza anatia mwingine. Mwaka huu huu, mwakani ule. Baada ya miaka hujui ubao gani ulikuwepo tangu mwanzo, lakini hakuna siku iliyokuwa si jahazi lile. Ila ukiuchukua mkuku ukajengea chombo cha umbo jingine, wazee watakwambia hicho chombo kingine, mpe jina lake.

FundiGerezani

Kijana umeniokoa. Hapo ndipo ninaposimama.

Mama, hoja yako naikubali kwa basi. Basi lako bodi ya pili ilikuwa mbadala wa bodi iliyokufa, na kazi yake ni ile ile, kubeba watu wa Singida. Lakini hii niliyoivua haikufa. Ilikuwa inaumwa. Ubao wa chini ya mlango umeoza, unautoa, unaunga mwingine, seremala wetu anaweza hiyo kazi akiwa anasikiliza mpira redioni. Na hiyo bodi ndiyo ilikuwa sababu ya chasisi kuundwa hivyo. Injini ya lita 8 iliundwa ili ibebe saluni. Ukiivua saluni ukaweka kikapu chepesi juu, umebaki na jibu ambalo swali lake umelitupa.

Na haitengenezwi tena. Barker walimezwa na Hooper mwaka 1938, Hooper wakaacha kuunda bodi 1959. Park Ward walinunuliwa na Rolls-Royce 1939, H.J. Mulliner 1959, wakaunganishwa 1961. Mwaka 1965 ilipokuja Silver Shadow ya Rolls-Royce ambayo chasisi na bodi ni kitu kimoja, kazi ikawa imekwisha kwa ujumla. Kwa hiyo yule mjumbe wa uzi wa nauli nimwambie: kule walikokuwa wanafanya kazi hii kwa ustadi wa mwisho wameshaiacha. Wewe fundi wako yupo hapo mtaani, ametandika bati chini ya mwembe, unamwita mbabaishaji.

Dereva Mstaafu

Ulijisikiaje kuivua?

FundiGerezani

Siku mbili. Bolti kumi na kitu, nyingine tulizikata. Tulipoinyanyua kwa winchi ilitoa sauti moja, kama mtu anayekaa chini baada ya safari. Ndani ya mlango wa nyuma wa kushoto, nilipobandua ngozi ya ndani, nikakuta mwandiko wa penseli juu ya ubao: namba ya bodi, na mshale unaoonesha upande wa mbele. Penseli ya seremala, ile pana. Hajaandika jina lake. Mshale ameuchora haraka, umepinda kidogo, kama tunavyochora sisi.

Nilimwita bosi akaja kuangalia, akasema "nice", akaondoka. Mwenye gari nilimtumia picha. Hakujibu siku nne. Kisha akapiga simu karakana kwamba bodi isikatwe, iwekwe, atalipia stoo mwaka mzima. Ile ya wazi bado anaitaka.

MamaChasisi

Kumbe ipo! Iko wapi sasa?

FundiGerezani

Nyuma ya karakana, juu ya vigingi vinne, imefunikwa turubai. Jana nilikwenda kukagua kama mvua inaingia. Nikaufungua ule mlango wa kushoto na kuufunga. Umefunga vizuri kabisa, bila chasisi chini yake.

KijanaWaPwani

Tupia picha ya ule mshale.

FundiGerezani

Simu inagoma kupandisha. Kesho nikitoka kazini.